Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, usianzie kwenye divisheni

Mwishoni mwa Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, swali linalozunguka mtaani ni moja tu: "Kapata divisheni ngapi?" Shangazi anauliza kwa simu, jirani anauliza akiwa mlangoni, mzee wa mtaa anauliza akipita. Ni swali la upendo, ila halimsaidii mtoto kupanga chochote. Divisheni ni jumla iliyokwisha kupigwa. Haisemi ni masomo gani yaliyoibeba jumla hiyo. Milango ya kidato cha tano, ya chuo cha afya, ya chuo cha ufundi na hata ya chuo kikuu miaka kadhaa mbele hufunguliwa na alama ya somo mojamoja. Sisi tunaokaa na vijana na wazazi wao kila msimu wa matokeo tumeona wenye Divisheni ya Pili wakikosa njia waliyoitaka, na wenye Divisheni ya Nne wakiingia chuoni mwaka uleule. Karibu kila mara sababu ilikuwa imeandikwa waziwazi kwenye mstari wa matokeo, ila hakuna aliyeusoma mpaka mwisho.

Basi tuanze na mstari wenyewe.

Ukurasa wa shule kwenye tovuti ya NECTA hauonyeshi majina. Kila mstari una namba ya mtihani, jinsi, safu ya AGGT ambayo ni jumla ya pointi, safu ya DIV, kisha masomo yote na alama zake. Namba ya mtihani huanza na herufi S kwa mtahiniwa wa shule na P kwa mtahiniwa wa kujitegemea. Tarakimu nne za kwanza ni za kituo, nne za mwisho ni za mtahiniwa. Kwa kuwa majina hayapo, kosa la siku ya kwanza ni kusoma mstari wa mtu mwingine. Mtoto anakumbuka 0046 kumbe ni 0064, ukoo mzima unalia au unashangilia bure. Namba ichukuliwe kwenye maandishi au kwa mwalimu wa taaluma, isitegemee kumbukumbu. Kisha hakiki kwa jinsi na kwa orodha ya masomo: mstari ukionyesha somo ambalo mtoto hakuwahi kulisoma, huo si wake.

Alama A ni 75 hadi 100 na ina pointi 1. B ni 65 hadi 74, pointi 2. C ni 45 hadi 64, pointi 3. D ni 30 hadi 44, pointi 4. Chini ya 30 ni F, pointi 5. Huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na pointi zake hujumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni Divisheni ya Kwanza, 18 hadi 21 ya Pili, 22 hadi 25 ya Tatu, 26 hadi 33 ya Nne, na 34 au 35 ni sifuri. Ukikuta ABS maana yake hakufanya mtihani huo. INC maana yake matokeo hayajakamilika, kuna sehemu ya alama inayokosekana. Kwa yote mawili, kama mtoto alifanya mitihani yake yote, mzazi aende kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo, kwa sababu mawasiliano na Baraza hupitia shuleni na muda wa kushughulikia jambo kama hilo haungoji.

Sasa tuchukue mstari wa mfano: CIV-C, HIST-D, GEO-C, KISW-B, ENGL-C, PHY-D, CHEM-C, BIO-C, B/MATH-F. Masomo tisa. Saba bora ni Kiswahili pointi 2, kisha C tano ambazo ni 15, kisha D moja pointi 4. Jumla 21. Divisheni ya Pili. Nyumbani watachinja kuku, na wana haki ya kuchinja. Lakini wakishakula, waketi na mstari huu upya.

Kwenda kidato cha tano katika shule ya serikali kunahitaji mambo matatu kwa pamoja: alama C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, ukiondoa masomo ya dini, jumla ya pointi isiyozidi 25, na ndani ya tahasusi anayoiomba, yaani kundi la masomo matatu ya kidato cha tano na sita, masomo yale matatu yasizidi pointi 10 wala pasiwe na F. Kijana wetu ana C tano na B moja, kwa hiyo sharti la kwanza na la pili amelipita. La tatu ndilo la kulitazama kwa makini. PCB, ambayo vijana wengi wa sayansi huitamani, inampa 4 kwa Fizikia, 3 kwa Kemia na 3 kwa Baiolojia: jumla 10. Amepita, ila amegusa dari. CBG, yenye Jiografia badala ya Fizikia, inampa 9. HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) inampa 9 pia, kwa sababu Kiswahili chenye B kinamwinua. HGL, yenye Kiingereza badala ya Kiswahili, ni 10. PCM, PGM na EGM, ambazo zina Hisabati ndani yake, zimefungwa zote na ile F ya Hisabati.

Na kuwa na sifa si kupangiwa. Nafasi hujazwa kwa ushindani, na aliye na pointi 10 kwenye PCB yuko nyuma ya foleni ndefu ya wenye 4, 5 na 6. Akiandika PCB peke yake katika shule zinazogombewa, anaweza kupelekwa kwenye tahasusi ambayo hakuifikiria kabisa. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa sana. Kutoka zile 16 tulizozizoea, orodha ilifika 65, zikiwemo zenye lugha, sanaa, michezo, biashara na masomo ya dini. Wazazi wengi bado wanafikiria kwa orodha ya zamani. Hata hivyo tunashauri mtu asivutiwe na tahasusi mpya kabla hajajibu maswali mawili: ni shule ngapi zinazoifundisha kwa sasa, na ni shahada zipi zinazoitaja kwenye vigezo vyake vya udahili.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kijana anasema anataka udaktari, anapangiwa CBG, anafurahi kwa sababu ni sayansi. CBG ni tahasusi nzuri kwa kilimo, misitu, mazingira, na ualimu wa Kemia na Baiolojia. Shahada ya udaktari wa binadamu inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, zote tatu. Hakuna bidii itakayogeuza Jiografia kuwa Fizikia. Ni bora jambo hili lisemwe Januari, si miaka miwili na nusu baadaye kwenye dirisha la maombi ya chuo kikuu.

Tena F ya Hisabati haiishii kidato cha nne. Wa PCB na CBG husoma pia BAM, hisabati ya matumizi kama somo la nyongeza. Aliyeingia na F huanza muhula wa kwanza akiwa tayari nyuma, na muda anaoutumia kujikwamua BAM unatoka kwenye masomo yake makuu.

Upande wa chuo mstari uleule unasomeka tofauti kabisa. Stashahada ya utabibu, kwa vigezo vya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, inataka ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kijana wetu anavyo vyote. D yake ya Fizikia, iliyomweka ukingoni kwenye PCB, hapa inatosha. Ataanza ngazi ya 4 ya NTA, mfumo wa tuzo za elimu ya ufundi, aende ya 5, amalize ya 6 baada ya miaka mitatu, akiwa na taaluma mkononi. Familia nyingi huiona njia hii kama ya walioshindwa kwenda kidato cha tano. Sivyo. Kwa mtoto mwenye C za Kemia na Baiolojia, D ya Fizikia na nia ya kweli ya kutibu watu, mara nyingi stashahada ni njia yenye uhakika zaidi kuliko kung'ang'ania PCB na kumaliza kidato cha sita kwa alama hafifu.

Ila kuna shimo moja katika njia hiyo, na tunalisisitiza kila tunapopata nafasi. Vigezo vya shahada ya udaktari kwa anayetokea stashahada ya utabibu haviangalii GPA, yaani wastani wa alama za chuoni, pekee. Humrudisha mwombaji kwenye cheti cha kidato cha nne na kumdai angalau D katika masomo matano: Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Maana yake ni kwamba tabibu aliyesoma miaka mitatu, akafanya kazi wilayani, akawa na GPA nzuri, anaweza kuzuiwa na F ya Hisabati aliyoipata akiwa na miaka 17 na ambayo hakuna aliyemwambia aishughulikie. Inauma sana kuiona, kwa sababu dawa yake ilikuwa rahisi tangu mwanzo: kurisiti somo moja, yaani kulifanyia mtihani upya.

Kurisiti kunafanyika kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kalenda yake haina huruma. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa Januari na kwa kawaida hufungwa mwisho wa Februari. Baada ya hapo huja kipindi kifupi cha usajili wenye faini, kisha mlango unafungwa hadi mwaka unaofuata. Matokeo yakitoka wiki ya mwisho ya Januari, familia ina takriban mwezi mmoja. Wengi huutumia mwezi huo kulaumiana. Hatua zenyewe si ngumu. Kijana anakwenda kwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea kilicho karibu, akiwa na namba yake ya mtihani wa awali, anapata maelekezo ya usajili na namba ya malipo, analipa benki au kwa simu, kisha anakamilisha fomu kwenye mfumo wa NECTA na kuchapisha nakala. Kosa kubwa hapa ni kulipa na kudhani umesajiliwa. Malipo bila fomu iliyokamilishwa si usajili. Asiondoke mpaka aone orodha ya masomo yake kwenye karatasi yenye namba yake mpya inayoanza na P.

Kuhusu Hisabati yenyewe, hofu ni kubwa kuliko mtihani. Karatasi ni moja, saa tatu. Kwa muundo uliozoeleka, sehemu A ina maswali kumi ya alama sita kila moja, sehemu B ina manne ya alama kumi kila moja. D inaanzia 30. Anayeweza kukamilisha maswali matano ya sehemu A bila kupoteza alama ameshafika. Anayepata nusu nusu anahitaji kugusa kumi yote. Kwa hiyo asirudie kitabu kizima kuanzia kidato cha kwanza. Achague mada chache zinazojitokeza mara kwa mara na zinazofundishika kwa miezi michache: takwimu, uwiano na hesabu za faida na hasara, mfuatano wa namba, matriki, seti na uwezekano. Afanye karatasi za miaka iliyopita kwa saa, na kila jibu asahihishiwe na mtu anayejua, hatua kwa hatua. Alama nyingi za watahiniwa wa namna hii hupotea kwenye hatua zilizorukwa, hata pale jibu la mwisho lilipokuwa karibu.

Kuhusu rufaa, tutasema machache. Ipo, ina ada, ina muda mfupi baada ya matokeo kutangazwa, na hupitia shuleni. Inafaa pale ambapo tofauti ni kubwa na haielezeki, kwa mfano mwanafunzi aliyekuwa akipata A za Kemia miaka miwili mfululizo, majaribio ya mkoa yakionyesha hivyo, kisha mtihani wa taifa unaleta F. Mtoto aliyezoea D na amepata D, fedha hiyo itumike kumlipia usajili wa kurisiti.

Tuje kwenye Selform, fomu ya machaguo ya tahasusi, shule na vyuo, kwa sababu ndiko maamuzi haya yote yanakoandikwa. Mwanafunzi hujaza machaguo yake kabla ya kumaliza kidato cha nne, wakati hajui matokeo; wengi huandika walichokiandika marafiki zao. Baada ya matokeo, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi hao, hufungua tena mfumo kwa wiki kadhaa, mara nyingi kati ya Machi na Aprili, ili wahitimu wabadilishe tahasusi, kozi na vyuo kulingana na alama halisi. Hii ndiyo nafasi ya kumrudisha ardhini aliyejaza PCM akapata F ya Hisabati, na pia ya kumpandisha aliyejidharau akajaza HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kumbe amepata B za sayansi. Lakini wapo wengi ambao hawaingii kabisa. Wanaishi mbali, hawana simu yenye intaneti, au hawajasikia. Machaguo ya zamani hubaki, na mwezi wa upangaji ukifika wanashangaa.

Mfumo humtambua mhitimu kwa namba ya mtihani, mwaka wa mtihani na taarifa zake binafsi, na unaweza kumuuliza alama aliyopata katika somo fulani ili kuhakikisha ni yeye. Kwa hiyo aende akiwa na mstari wake wote wa matokeo umeandikwa, si divisheni peke yake. Aketi mwenyewe kwenye kompyuta. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu mhudumu wa stesheneri ana wateja ishirini wanaosubiri, na akiachiwa fomu atajaza shule za juu kwenye orodha ili amalize. Namba ya simu na barua pepe zinazoandikwa ziwe za kijana au mzazi, zisiwe za mhudumu. Nywila iandikwe kwenye daftari la nyumbani. Mwisho achapishe ukurasa wa machaguo yaliyohifadhiwa, ausome kwa sauti mbele ya mzazi: tahasusi ya kwanza, shule, ya pili, shule, chuo, kozi. Kusoma kwa sauti kunachukua dakika mbili na ndiko kunakogundua kwamba PCB imeandikwa PGM.

Kwenye Selform hiyohiyo kuna machaguo ya vyuo vya ufundi, na wazazi huyaruka. DIT ya Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha na MUST ya Mbeya hupokea wahitimu wa kidato cha nne kwa stashahada za uhandisi, na serikali ilifuta ada kwa wanaopangiwa huko kupitia bajeti ya 2023/24, kama ilivyofuta ada ya kidato cha tano na sita mwaka mmoja kabla. Mtoto mwenye C za Hisabati na Fizikia anayependa kufungua redio na kuzifunga tena atanufaika zaidi hapo kuliko kwenye darasa la PCM lisilo na maabara ya kutosha. Hayo ni maoni yetu, na tunayasimamia.

Divisheni ya Nne ndiyo inayohitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa ndiyo inayofunikwa kwa aibu. Chini ya jina hilo moja kuna watu tofauti kabisa. Mmoja ana pointi 26: C mbili na D tano. Mwingine ana 33: D mbili na F tano. Wa kwanza ana ufaulu wa masomo saba. Anakosa C moja tu kufikisha tatu za kidato cha tano, na wakati huohuo tayari ana sifa za stashahada nyingi, ikitegemea D na C hizo ziko kwenye masomo yapi. Kumwambia "umefeli" ni kosa. Wa pili hana masomo manne, kwa hiyo vyuo vya NTA vimefungwa kwake kwa sasa. Njia zake ni kurisiti masomo mawili au matatu yaliyochaguliwa kwa akili, kwenda VETA kujifunza ufundi stadi, au kujiunga na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho jirani. Wenye alama za kati, kwa mfano D nne na F tatu ambazo ni pointi 31, wanaweza kuingia kwenye baadhi ya kozi za cheti na stashahada, mradi D moja isiwe ya somo la dini.

Hilo la dini liangaliwe na familia zote, Waislamu na Wakristo. Somo la dini huingia kwenye hesabu ya divisheni, lakini kwenye udahili wa chuo na uchaguzi wa kidato cha tano huwa halihesabiwi kati ya masomo yanayodaiwa. Kijana mwenye C tatu, moja ikiwa ya dini, ana C mbili mbele ya TAMISEMI. Kabla ya kumwahidi mtoto chochote, funika somo hilo kwa kidole kisha uhesabu upya.

Kwa anayerisiti ili kukamilisha C ya tatu au D ya nne, cheti cha pili huunganishwa na cha kwanza. Asirudie masomo yote tisa. Tumeona vijana wakisajili masomo tisa kwa jazba, wakasoma tisa kwa uchovu, wakaishia palepale. Mawili au matatu yanatosha, na yawe yale yanayofungua mlango uliokusudiwa. Anayetaka utabibu asirisiti Historia.

VETA nayo ina kalenda yake. Kozi ndefu huanza Januari na maombi hupokelewa miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia, kwa hiyo aliyepata matokeo Januari amechelewa kwa mwaka huo, ila kozi fupi zipo karibu mwaka mzima. Umeme wa majumbani, ushonaji, uchomeleaji, udereva, kompyuta: miezi mitatu ya kozi fupi kati ya Februari na Juni ni bora kuliko kukaa kibarazani, hata kwa anayesubiri kidato cha tano Julai.

Miezi hiyo ya kusubiri ndiyo pia ya kutengeneza karatasi, na hapa kuna jambo dogo linalowaangusha watu wazima: jina. Jina la NECTA ni lile lililosajiliwa shuleni, nalo halibadilishwi kirahisi baada ya mtihani. Cheti cha kuzaliwa kikisema Hamisi Juma Saidi na matokeo yakisema Hamis J. Said, mifumo ya udahili na mikopo itaona watu wawili. Tofauti ndogo ya tahajia hurekebishwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina tofauti kabisa linahitaji hati ya kubadili jina. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, sasa, na aliye nacho akihakiki mapema, kwa kuwa Bodi ya Mikopo hudai cheti kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima hudai pia vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa vivyo hivyo. Tangu 2023/24 Bodi hiyo hutoa mikopo kwa baadhi ya stashahada za kipaumbele, zikiwemo za afya na ualimu. Familia inayosema "chuo hatukiwezi" iangalie kwanza kama kozi iliyotajwa imo kwenye orodha ya mwaka huo. Ada ya chuo binafsi cha afya hupita shilingi milioni moja kwa mwaka bila kuhesabu sare, mafunzo kwa vitendo na malazi, kwa hiyo hesabu ifanywe kwa miaka mitatu, si kwa muhula wa kwanza.

Ada hizo ndizo zinazowavuta madalali. Baada ya matokeo simu huanza kuingia: "Mwanao amepata nafasi, tuma elfu hamsini ya kushikilia." Chuo halali kina usajili NACTVET na jina lake hukutwa kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka husika, pamoja na kozi zinazoruhusiwa, idadi ya nafasi na ada. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi unayouziwa isiwemo, kwa hiyo tafuta vyote viwili, chuo na kozi. Udahili wa kozi za afya umekuwa ukipitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Anayekuahidi kuupita kwa mlango wa nyuma anakuibia. Malipo yaende kwenye namba ya malipo au akaunti yenye jina la chuo, kamwe yasiende kwenye namba ya simu ya mtu.

Majina ya waliopangiwa kidato cha tano na vyuo hutoka kati ya Mei na Juni, na masomo ya kidato cha tano huanza Julai. Pakua fomu ya kujiunga siku hiyohiyo, isome yote, kwa sababu kila shule ina orodha yake: godoro la vipimo fulani, rangi ya sketi au suruali, rimu za karatasi, michango na akaunti ya kuilipia. Fomu ya afya ijazwe na daktari wa hospitali ya serikali na igongwe muhuri. Wengi hurudishwa getini kwa kukosa muhuri huo. Tarehe ya kuripoti ina kikomo, kwa kawaida wiki mbili, na nafasi isiyochukuliwa hupewa mwingine kwenye awamu ya pili. Kama nauli haijatimia au godoro halijapatikana, mzazi ampigie mkuu wa shule kabla ya tarehe hiyo na kueleza, kisha ampeleke mtoto na alichonacho. Godoro linaweza kufuata kwa basi.